Ini la Mzee Tanuri

“Pima tena,” Mama Kaunta alisema.

“Mama, mashine imeshagonga mara kumi,” binti wa kipimo akajibu. “Jibu ni hilo hilo.”

“Basi igonge ya kumi na moja. Imekuuma nini?”

Mumewe alikuwa amelala chali kitandani, shati limekunjwa hadi kifuani, mkono wa kulia ameuweka nyuma ya kichwa kama alivyoelekezwa. Ubavu wake uling’aa kwa ile jeli baridi. Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana jioni, maana ndivyo walivyoagizwa, na kwa mtu aliyezaliwa na kukulia nyuma ya tanuri la mikate, kuamka bila kula ni sawa na kutukanwa. Lakini sasa njaa ilikuwa imemtoka yote. Alikuwa amesikia namba ikisomwa, na aliogopa hata kupumua isije ikabadilika.

Binti wa kipimo alikuwa mvumilivu kuliko umri wake. Akakibana tena kile kichwa cha mashine katikati ya mbavu. Kikagonga, tk, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Akageuza kioo ili wote wawili waone.

“Sita nukta tisa. Mmeridhika?”

“Na ile ya mwanzo ilikuwa ngapi?”

“Miaka mitatu iliyopita? Kumi na saba nukta nne.”

Mama Kaunta akapiga hesabu kwa midomo. Mwanamke huyu ameuza mikate maisha yake yote, na katika biashara namba ikishuka hivyo watu huanza kuuza vyombo vya ndani. “Binti yangu,” akasema polepole, “inayotakiwa ni namba kubwa au ndogo?”

“Ndogo, mama! Hii inapima ugumu. Ini zima ni laini. La mzee lilikuwa limejaa makovu mpaka likakakamaa. Sasa limelainika.”

Mzee Tanuri akainuka ghafla, jeli ikamchuruzika hadi kiunoni. Jina hilo la Tanuri walimpa wateja zamani, na yeye akalipokea kwa vile lilimfaa kuliko lile la kwenye kitambulisho.

“Mwanangu, usinifariji. Mimi si mtoto.” Akanyoosha mikono yake yote miwili mbele ya miwani ya yule binti. Kuanzia kiwiko hadi kiganja ilikuwa imechorwa mistari ya kuungua, mingine myeusi, mingine imepauka. “Hili nililipata sijaoa. Hili, siku mke wangu alipojifungua mtoto wa kwanza, nilichomoa sinia bila kitambaa kwa kiherehere. Hili hapa hata silikumbuki. Hakuna hata moja lililowahi kuniaga. Kovu ni kovu. Linazikwa na mwenyewe.”

“Ngozi ni ngozi, mzee. Ini ni ini.” Binti akavuta kiti akakaa, maana aliona huyu hataondoka na neno moja. “Kile kirusi cha homa ya ini kilikuwa kinakuchoma ndani kila siku. Kila kikichoma, ini linajiziba kwa kovu. Ulipoanza vidonge, kirusi kikalazwa. Ini lilipoona haliungui tena, likaanza kulibomoa kovu lenyewe, kidogo kidogo, na kuotesha nyama nzima mahali pake. Si la kila mtu linafanya hivyo. Wengine wanakuja wamechelewa, wengine wanaacha dawa katikati. La kwako limefanya. Hata daktari ameona kwenye damu yako.”

“Linabomoa lenyewe?”

“Lenyewe. Bila fundi.”

Hapo Mama Kaunta akashindwa. Alipiga kigelegele kirefu, cha harusini, ndani ya chumba kile kidogo chenye kitanda kimoja na kiti kimoja. Mlango ukafunguka, mlinzi akaingiza kichwa.

“Kuna aliyejifungua humu?”

“Yupo!” Mama Kaunta akasema. “Mume wangu amejifungua ini!”

Mlinzi akamtazama mzee kwa huruma, akafunga mlango. Wote watatu wakacheka, na Mzee Tanuri alicheka hadi machozi, kisha machozi yakaendelea na kicheko kikakoma, akayafuta kwa kile kitambaa alichopewa cha kufutia jeli.

“Vidonge usiache,” binti akaonya. “Hata siku moja. Ukiacha, moto unarudi. Na kila baada ya miezi sita uje tukuangalie.”

“Nitakuja hata kila Ijumaa.”

“Sasa, binti yangu,” Mama Kaunta akasema akiwa ameshakusanya pochi na mtandio, furaha imempanda kichwani, “kwa hali hii mtamruhusu lini kushika unga?”

“Unga gani?”

“Unga wa mikate. Sisi ni waokaji.”

Binti akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. “Kwani nani alimkataza?”

Mume na mke wakatazamana. Mashine ilikuwa ikivuma taratibu.

“Kirusi hiki hakipiti kwenye chakula,” binti akasema, sasa kwa sauti ya chini, akihisi amekanyaga mahali. “Kinapita kwa damu, kwa kitandani, kwa mama kumpa mtoto akizaliwa. Si kwa sahani, si kwa kikombe, si kwa jasho. Nyumbani mlipimwa mkachanjwa?”

“Wote.”

“Basi. Mzee angeweza kukanda tangu siku ile ya kwanza. Akijikata, afunge kidonda, kama mwokaji mwingine yeyote.”

Mzee Tanuri alianza kufunga vifungo vya shati. Alianzia cha chini na kukiingiza kwenye tundu la pili, na akapanda hivyo hivyo hadi shingoni, shati likamkaa upande. Mkewe aliona, lakini mkono wake haukuthubutu kwenda kumrekebisha.

Nje ya hospitali barabara ilipanda mlima mdogo kabla ya kuteremka mtaani kwao. Miaka mitatu iliyopita Mzee Tanuri aliupanda akisimama kila penye nguzo ya umeme, miguu imevimba hadi viatu vikamkataa. Leo alitangulia kwa hatua za mtu aliyeitwa, na mkewe ndiye aliyebaki nyuma akihema.

“Nisubiri basi, wewe mwenye ini jipya!”

Akasimama. Hakugeuka.

“Umekasirika,” mkewe alisema alipomfikia.

“Sijui.”

“Utajua lini?”

“Nikishakula.”

Kulikuwa na kijana wa mayai ya kuchemsha kwenye kona. Mama Kaunta alinunua manne, akayamenya mwenyewe, akayatia chumvi kidogo kama daktari alivyoagiza, akampa moja moja. Mzee alikula kwa kusimama, akitazama magari. Baada ya yai la tatu akasema:

“Siku ile tulipotoka kwa daktari hukuniuliza kitu. Ulinivua aproni. Nimesimama mbele ya mdogo wangu, mikono juu, kama mtoto anayevuliwa shati aogeshwe.”

“Niliogopa.”

“Nini? Mimi?”

“Wateja. Bwana afya. Nilisema nikimuuliza daktari, atasema hapana, na akishasema hapana itabidi tufunge. Sasa nikaona bora nisiulize. Nimeuliza chumvi, nimeuliza nyama, nimeuliza hata kama unaruhusiwa kukasirika. Unga sikuuliza.” Akayaponda maganda ya mayai kiganjani. “Nilijikata ulimi mwenyewe nikakukata na wewe mikono.”

Mzee Tanuri alitafuna yai la mwisho kwa muda mrefu kuliko yai linavyostahili. Alikuwa na hasira, ndiyo. Ilikuwa imekaa pale kifuani kama mkate uliomezwa bila maji. Lakini pembeni yake kulikuwa na ile namba, na kila alipojaribu kuishika hasira vizuri, namba ikamtekenya.

“Mwenye ini alikuwa mimi,” akasema hatimaye. “Na mdomo ninao. Mbona na mimi sikuuliza?”

“Mbona?”

“Kwa sababu hizo hizo zako. Wajinga wawili kitanda kimoja.”

Mama Kaunta alimtazama aone kama anatania. Alikuwa anatania, na alikuwa hatanii. Akamshika shati, akalifungua vifungo vyote pale pale barabarani, mbele ya kijana wa mayai, akavipanga upya kila kimoja na tundu lake.

“Sita nukta tisa!” Mzee akasema.

“Sita nukta tisa!” mkewe akaitikia, na wakateremka mlima wakiitana namba hiyo kama mashabiki waliotoka uwanjani.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta mbele. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha kukandia, na baada ya hapo ua wenye tanuri la matofali. Uani, chini ya dirisha la chumba cha kukandia, kulikuwa na kigoda. Hapo ndipo Mzee Tanuri alipokalishwa miaka mitatu. Alikuwa akichochea moto, maana moto uliaminika kwamba unaua kila kitu, na alikuwa akisikiliza. Mdogo wake akilitupa donge mezani, yeye nje anajua kwa mlio. “Kavu hiyo! Ongeza maji!” angepaza sauti kupitia dirishani. Au, “Bado! Mbona umechoka mapema?” Aliwahi kujua kwa sikio tu kwamba chumvi imesahauliwa, na hadi leo hajaweza kueleza alijuaje.

Mdogo wake waliyemwita Chapuchapu alipewa jina hilo kwa sababu alifanya kila jambo mbiombio, kuoga, kula, kuposa, na bahati mbaya hata kukanda. Mikate yake ilikuwa mikate, hakuna aliyelalamika kwa sauti, ila ilikuwa na kawaida ya kukaa tumboni kama jiwe. Walipoingia alikuwa ameshamwaga unga mezani, amechimba shimo katikati na kutia maji na hamira.

“Kaka! Wamesemaje?”

“Wamesema ninawe mikono.”

Chapuchapu hakuelewa. Mama Kaunta akamweleza yote kwa pumzi moja, namba, kovu, kirusi, sahani, kikombe, nani alimkataza, na kabla hajamaliza shemeji yake alikuwa ameshamrukia kaka yake na kumkumbatia, akamwachia viganja viwili vyeupe mgongoni. Akacheza. Akagonga sinia kwa mwiko. Halafu katikati ya mchezo miguu ikapungua kasi, ikasimama.

“Na mimi je?”

“Wewe je nini?”

“Niliacha kazi ghalani, kaka. Mliniambia njoo haraka, nikaja. Miaka mitatu nimeungua mikono hii, unanipigia kelele kupitia dirisha kila siku ya Mungu, nimevumilia. Leo umepona, alhamdulillah. Nirudi kulinda ghala?”

Alisema akijaribu kucheka, na kicheko kikakataa. Mzee Tanuri alikuwa bombani, sabuni imemfika viwikoni. Alisugua kucha moja moja, akasuuza, akaja na mikono imeinuliwa ikidondosha maji.

“Nani kakwambia utoke? Meza hii ina pande mbili. Wewe nenda ule wa pili.”

“Kweli?”

“Na polepole. Leo nitakuwa karibu, huna dirisha la kujifichia.”

Mama Kaunta alikuwa ameitoa aproni sandukuni. Ilikuwa imekunjwa vizuri, imefuliwa, inanuka sabuni. Akamvisha yeye mwenyewe, akafunga kamba nyuma, fundo moja, mafundo mawili, na akaegemeza paji la uso mgongoni mwake kwa muda mfupi. Kisha akaenda zake mbele haraka, kwa vile kaunta ilikuwa haina mtu.

Mzee Tanuri alisimama na mikono juu ya unga bila kuugusa. Ghafla aliogopa. Vipi kama mikono imesahau? Vipi kama kilichopona ni ini tu, na yule mwokaji mwenyewe alishakufa pale kigodani?

“Kaka,” Chapuchapu akasema kutoka upande wa pili, “unga haujui wewe una ini la namna gani. Ingiza mikono.”

Akaingiza.

Ulikuwa wa baridi, kisha wa vuguvugu, kisha ukamng’ang’ania vidole vyote kumi kama kawaida yake. Alikunja, akasukuma kwa kisigino cha kiganja, akageuza robo, akakunja. Mabega yakakumbuka kabla ya kichwa. Furaha ilimpanda kutoka mikononi hadi kooni, furaha kubwa hata akaona aibu kuonwa nayo, akainamisha uso. Alipolinyanyua donge na kulibwaga, meza nzima ikaitikia.

Kule mbele Mama Kaunta alikuwa akifuta kaunta iliyokwisha kufutwa. Mlio ule ulimfikia kupitia ukutani, mzito, wa duara, wenye nafasi sawa katikati. Hakuwa ameusikia miaka mitatu. Alikaa chini, akaweka mkono mdomoni, akausikiliza mpaka mwisho.

Saa kumi mikate ilitoka. Harufu yake ilivuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Watu wakajipanga mbele ya kaunta kama siku zote: mwalimu mstaafu na kikapu chake, wasichana wa saluni, fundi wa pikipiki na wenzake, na wa mwisho kufika ila wa kwanza kuhudumiwa, Bi Vitambaa.

Bi Vitambaa alikuwa na duka la nguo ng’ambo ya barabara na mafundi cherehani saba, na kila jioni alichukua sinia zima la mikate midogo kwa ajili yao. Habari za ini ndiye aliyezinyaka wa kwanza, wakati ule, na ndiye aliyezigawa, reja reja na jumla. Tangu hapo alikuwa na salamu yake. Hakusema habari za jioni. Alisema, “Nani kakanda leo?” na Mama Kaunta alijibu kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni, “Shemeji yangu, usiwe na wasiwasi.” Kila siku. Na kila siku, mwenye sikio la kujua chumvi kwa mlio wa donge alikuwa kigodani, akisikia.

“Nani kakanda leo?” Bi Vitambaa akasema, mkono ukiwa tayari unanyoosha kikapu.

Mama Kaunta alifungua mdomo. Jibu la zamani lilikuwa limekaa pale pale mlangoni, limeshavaa viatu. Lingetoka lenyewe, sinia lingeondoka, na hata lisingekuwa uongo mtupu, kwa vile Chapuchapu alikuwepo upande wa pili wa meza. Biashara ingeendelea. Mengine wangeyapanga taratibu.

“Mume wangu,” akasema.

Kikapu kikabaki hewani.

“Nani?”

“Mume wangu, Mzee Tanuri. Kakanda kwa mikono yake miwili. Na alistahili kukanda tangu siku ile nilipomvua aproni, mimi, kwa ujinga wangu. Ugonjwa ule haupiti kwenye chakula. Tumeambiwa leo hospitali. Sikuwa nimeuliza, Bi Vitambaa. Miaka mitatu unaniuliza mimi, na mimi sikumuuliza anayejua.”

Foleni ikatazamana. Halafu watu walianza kukumbuka mambo. Msichana mmoja wa saluni alikumbuka kwamba ameacha mteja na dawa kichwani, na wenzake wakakumbuka pamoja naye. Fundi wa pikipiki alijipapasa mifuko akasema, aa, pochi, akaondoka na marafiki zake wote ambao pochi zao zilikuwepo. Hakuna aliyesema neno baya. Waliaga kwa adabu, na adabu ile ilimchoma Mama Kaunta kuliko matusi. Bi Vitambaa alirudisha kikapu kwapani, akasema, “Haya, tutaonana,” akavuka barabara.

Alibaki mwalimu mstaafu. “Mimi mwakani natimiza themanini,” akasema. “Nipe miwili.”

Mama Kaunta alimfungia mikate yake. Nyuma yake rafu zilikuwa zimejaa, mkate juu ya mkate, na joto lake lilimpiga kisogoni. Alipogeuka, mumewe alikuwa amesimama kwenye pazia la chumba cha kukandia, unga hadi kwenye nyusi. Alikuwa amesikia yote.

“Nisamehe,” mkewe akasema. “Nimefukuza wateja wote.”

“Umesema ni mimi.”

“Nimesema.”

“Mbele ya foleni nzima?”

“Mbele ya foleni nzima.”

Mzee Tanuri akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, kile cha hospitalini, na safari hii machozi hayakukifuata. Akavuta sinia kubwa kuliko yote, lile la mikate midogo, akaliinua, akaliweka kichwani kama alivyofanya ujana wake kabla hawajapata duka.

“Unakwenda wapi na ini lako?”

“Kuuza. Mkate huu haulali humu.”

“Utaanguka!”

“Nianguke na nini? Sita nukta tisa!”

Akatoka. “Mkate! Mkate wa moto!” Sauti yake ilikuwa na kutu kidogo mwanzoni, ikasafika njiani. Chapuchapu akabeba sinia la pili akamkimbilia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajikuta hawezi kumpata mtu. Mama Kaunta, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuiacha kaunta wazi hata mvua ikinyesha ndani, aliinua kibao cha kupitia kwenye kaunta, akajifunga mtandio kiunoni, akatoka katikati ya barabara.

“Mkate wa mikono ya mume wangu!” akapaza sauti. “Ini lake lilikuwa limejaa makovu, leo ni laini! Sita nukta tisa!”

“Sita nukta tisa ndiyo bei?” dereva mmoja akauliza dirishani.

“Ndiyo namba ya kupona! Bei ni ile ile! Mimi nalala naye kila siku, nimepimwa, nimechanjwa, mzima kama mnavyoniona. Nyie mnaogopa mkate? Mwenye wasiwasi aende hospitali akaulize, mashine ipo pale, na aliyeambiwa ini lake lina makovu asikae nyumbani akisubiri kufa, aende akatibiwe!”

Watu walicheka. Walisimama milangoni, walichungulia madirishani, na kicheko kilipoanza woga ukapoteza kiti. Dereva akanunua mitatu kwa ajili ya ushujaa wake mwenyewe. Msichana wa saluni akatoka na brashi ya dawa ya nywele mkononi, akachukua mmoja, akarudi kuchukua mingine minne.

Mbele ya duka la nguo Mzee Tanuri alisimama. Hakuwa amepanga kusimama, lakini alilishusha sinia hadi kifuani. Mafundi cherehani saba walikuwa wameacha mashine zao kwa sababu ya harufu, wamesongamana mlangoni nyuma ya bosi wao, na mmoja wao, mama mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, akanyoosha mkono juu ya bega la Bi Vitambaa, akachukua mkate siniani, akaupasua. Mvuke ukatoka. Akala, akafumba macho, na bila kuyafumbua akasema kwa wenzake, “Jamani.”

Mikono sita ikafuata. Bi Vitambaa alitazama sinia likipungua chini ya pua yake. Alimtazama Mzee Tanuri, jasho limemchora mistari kwenye unga wa usoni, amesimama wima bila kuhema. Mwishowe akachukua mmoja kwa ncha za vidole. Mtaa mzima ulikuwa ukimwangalia, na yeye alijua. Akauma. Akatafuna upande mmoja, akahamishia upande wa pili, akameza, kisha akamgeukia Mama Kaunta aliyekuwa amefika mbio.

“Hivi nyie,” akasema, “miaka mitatu mlikuwa mnatulisha nini?”

Chapuchapu akainama kutazama viatu vyake.

“Woga,” Mama Kaunta akasema. “Wangu na wako.”

Bi Vitambaa alibaki na nusu ya mkate mkononi. Akawatazama mafundi wake wakitafuna. Kisha akamalizia ile nusu, akaufuta mkono kwenye gauni lake zuri, na akaunyoosha, si kwenye sinia, bali kwa Mzee Tanuri mwenyewe.

“Habari za jioni, mzee,” akasema.

Na mzee, ingawa mkono wake ulikuwa umejaa unga, alimpa hivyo hivyo.